Ini Likichoka, Mwili Hujila

Micheweni ni nchi ya maweni. Watu wake huvua, hulima penye udongo haba, huenda pwani kutafuta pweza, na hugonga mawe wakapata kokoto za kuuza. Hapa nguvu za mtu ndiyo akiba yake. Kwa hiyo maradhi ya ini yaliyokomaa yana uchungu wa peke yake: tumbo hujaa maji, na huku mabega na mapaja yakiyeyuka. Mgonjwa huonekana ana tumbo kubwa, kumbe mwili umekwisha. Juu ya hayo husingiziwa ulevi, ilhali Afrika wengi huugua kwa virusi vya homa ya ini aina ya B, walivyovipata tangu utotoni.

Historia ya chakula cha mgonjwa huyu inafaa kutafakariwa. Mwaka 1954, Sheila Sherlock na wenzake wa London walieleza jinsi sumu za matumboni zinavyolipita ini bovu na kufika kwenye ubongo, mtu akachanganyikiwa. Mojawapo ya sumu hizo ni amonia, itokanayo na protini. Basi ikaonekana ni busara kumpunguzia mgonjwa samaki, nyama na maharage. Nasaha hiyo ilisafiri mbali. Nimeisikia hata huku kwetu, ikisemwa kwa nia njema kabisa.

Mwaka 1964, Child na Turcotte wa Marekani walitunga kipimo cha ukali wa maradhi haya, na lishe ya mgonjwa ilikuwa miongoni mwa mambo matano waliyoyatazama. Mwaka 1973, Pugh na wenzake waliiondoa lishe, wakaweka muda wa damu kuganda, ambao hupimika vizuri zaidi. Hivyo kudhoofu kwa mwili kukatoka katika hesabu, lakini hakukutoka kwa mgonjwa.

Ini zima huweka akiba ya sukari ya kumfikisha mtu asubuhi. Ini lililosinyaa halina ghala hilo, basi mwili huvunja misuli yake upate sukari. Mwaka 1983, Oliver Owen na wenzake walionyesha kuwa usiku mmoja wa kutokula humfanya mgonjwa wa ini awe kama mtu mzima wa afya aliyekaa siku mbili au tatu na njaa. Tena misuli nayo husaidia kuondoa amonia katika damu. Kumnyima mtu samaki kwa kuiogopa amonia, basi, ni kumnyang'anya mlinzi wake.

Mwaka 2004, Juan Córdoba na wenzake wa Barcelona waliwalinganisha wagonjwa waliopunguziwa protini na waliolishwa kama kawaida. Kupunguza hakukuleta faida. Leo hupendekezwa gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 72 hadi 90 kwa mwenye kilo 60, pamoja na chakula kidogo kabla ya kulala.

Sisi tunaoijua thamani ya daku hatuhitaji kufafanuliwa sana maana ya chakula cha usiku. Na mgonjwa huyu amwone daktari kabla ya kufunga Ramadhani, kwani sheria imempa ruhusa. Samaki wa Tumbe na kunde za shambani tusimwondolee. Vimo katika dawa yake.