Kabla ya 'dear' kulikuwa na Mwendwa

Mwezi uliopita nilikuwa katika duka la dawa mjini Kitui. Binti aliyenihudumia, ambaye kwa umri ni mjukuu wangu, alinikabidhi dawa ya presha akasema, "Dia, ni mia tatu hamsini." Wiki hiyo hiyo, sokoni Wote kule Makueni, mama muuza nyanya akaniuliza, "Dia, nikuongezee?" Mzee wa mvi nimekuwa dia wa kaunti mbili! Sikuudhika. Ila nilipowasimulia wanafunzi wangu kisa hiki, mmoja wao, kijana wa Makueni, alisema jambo lililonikaa moyoni: "Prof, angalau Wazungu walituletea neno. Wazee wetu hawakujua kuonyesha mapenzi. Babangu hajawahi kuniita dia, wala chochote kinachofanana na hilo."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, nami sikuwa na jibu papo hapo.

Tuanze na hilo neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "deore", na lilibeba maana mbili: kitu cha bei ya juu na mtu apendwaye. Mwingereza mpaka leo anaweza kusema nyama ni "dear" akimaanisha ni ghali. Mfaransa ana "cher", lenye maana zizo hizo mbili. Mwarabu vilevile: "ghali" lake ni la bei na ni la mapenzi. Sisi Waswahili tulipolikopa tulichukua bei tukaacha mapenzi. Ya mapenzi tukayatafuta katika "azizi". Hebu mwambie mkeo leo "wewe ni ghali" uone kitakachofuata.

Huku Ukambani, naamini "dear" lilitangulia kufika kwa kalamu kabla ya kufika kwa mdomo. Wamisionari wa Africa Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walijenga kituo chao cha kwanza Nzaui, Makueni ya leo, mwaka 1895. Baada ya misheni huja shule, na baada ya shule huja barua. Mimi mwenyewe miaka ya sabini, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, niliwaandikia akina mama wa kijiji chetu barua za kwenda kwa waume zao waliofanya kazi Mombasa. Mama anasimulia kwa Kikamba: mbuzi amezaa, karo inadaiwa, mvua imekataa. Mimi naandika juu kabisa, "Mpendwa mume wangu". Hakuna hata mmoja aliyenituma niandike hivyo. Walisema tu "mwambie baba ya fulani", wakitaja jina la mtoto. Mwalimu ndiye aliyetufundisha kwamba barua ya kirafiki huanza na "mpendwa", na "mpendwa" huyo alikuwa "dear" aliyevishwa kanzu.

Kumbe basi kijana wangu ana haki? Hapana. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai, alifika Kitui akakaribishwa na mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Ni katika safari hiyo, Desemba 3, ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya. Mwenyeji wake aliitwa Kivoi, na jina lake kamili ni Kivoi Mwendwa. Jina la pili, kwa desturi, ni la babake mtu. Miaka karibu hamsini kabla ya Nzaui, Kitui ilikuwa na mtu mzima ambaye babake aliitwa Mwendwa.

Kitenzi "kwenda" katika Kikamba si kushika njia. Ni kupenda au kutaka. Ukikitia kiambishi cha kutendwa unapata "mwendwa", aliyependwa, na kwa wasichana Mwende. Mpendwa, neno kwa neno. Kenya nzima imelitamka jina hili bila kujua inasema nini: Kitili Mwendwa, Mkenya Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu, mwaka 1968, Nyiva Mwendwa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini, mwaka 1995. Wote wa Kitui.

Mtu atanipinga kwamba Mkamba humpa mtoto jina la babu au nyanya, kwa hiyo Mwendwa wa leo ameitwa hivyo kwa sababu ya ukoo, si kwa sababu ya mapenzi. Ni hoja nzito, nami naikubali nusu. Lakini lazima kulikuwa na wa kwanza, aliyeangaliwa mikononi mwa mamake akaitwa aliyependwa. Waliofuata wamerithi sifa hiyo kama watu warithivyo shamba.

Sasa, mbona yule binti wa duka la dawa hakuniita "mpenzi"? Hapa ndipo penye utamu kwa mwanaisimu. Kwa umbo, "mpenzi" ni mtenda, yule apendaye, ndiyo maana tuna mpenzi wa soka. Lakini "mpenzi wangu" amegeuka kuwa yule ninayempenda, tena kwa mahaba. Redioni bado tunasikia "wapenzi wasikilizaji" na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa ni wengi na hawaonekani. Akiniambia hivyo mimi mmoja ana kwa ana, tutaitiwa wazee. Barua za kale za pwani, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, zilikuwa na "muhibu", neno la mapenzi yasiyo na mahaba, nalo tumeliacha likafifia. Pengo likabaki, dia akaingia. (Chunga tu: dia wa kwenye simu mara nyingi hufuatwa na ombi la mia mbili.)

Juma lililofuata nilimwita yule kijana baada ya kipindi. Nikamuuliza, "Mamako hukuitaje nyumbani?"

"Nau," akasema. Baba yangu. Hivyo ndivyo akina mama wengi wa kwetu wawaitavyo wana wao tangu wakiwa wachanga.

"Na babako akimwita dadako?"

"Mwaitu." Mama yangu. Alitabasamu kidogo, kisha akasema, "Lakini Prof, hayo si tumeyazoea tu?"

Nikamwambia na Mwingereza anaposema "dear" amezoea tu.