Vitabu vya kupaka rangi vya mandhari

Vitabu vya kupaka rangi vya mandhari ni vitabu vya watu wazima vyenye michoro ya mistari iliyotokana na picha za milima, mabonde, maziwa, misitu au mitaa. Mtumiaji hujaza rangi kwa penseli, krayoni, kalamu za wino au brashi. Picha ya mandhari ina karibu na mbali, na mwanga wake hutoka upande mmoja; kwa hiyo inadai fikra zaidi kuliko maua au mapambo ya duara, ambayo hupendeza kwa rangi yoyote. Wakazi wa Nairobi huvitafuta katika maduka ya vitabu ya katikati ya jiji na ya mitaa ya magharibi, kama Text Book Centre ya Kijabu Street na ya Sarit Centre, Westlands.

Asili

Kitabu cha kupaka rangi kilianza kikiwa kitu cha mtoto. Katika miaka ya 1880 kampuni ya McLoughlin Brothers ya New York ilitoa The Little Folks' Painting Book, chenye michoro ya Mwingereza Kate Greenaway. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Palmer Paint ya Detroit, kwa ubunifu wa msanii Dan Robbins, iliwauzia watu wazima picha zenye namba, kila namba na rangi yake. Wimbi la sasa lilipata nguvu mwaka 2013, Mskoti Johanna Basford alipochapisha Secret Garden, kitabu kilichouza mamilioni ya nakala.

Sifa ya vitabu hivi kutuliza akili inategemea hasa utafiti wa Nancy Curry na Tim Kasser wa mwaka 2005. Washiriki waliojaza rangi katika duara la mapambo au katika mraba wenye mistari walipungukiwa na wasiwasi zaidi kuliko waliopewa karatasi tupu. Mandhari haikupimwa, na si haki kuviuza vitabu hivi kama dawa.

Mandhari ya Kenya katika uchoraji

Hapa ndipo penye hazina ambayo wachapishaji hawajaigusa vya kutosha. Mfini Akseli Gallen-Kallela alifika Nairobi na familia yake mwaka 1909 na kuchora zaidi ya picha 150 za nyika, milima, wanyama na watu kabla ya kurudi kwao. Rangi zake ni kali na za ujasiri, tofauti kabisa na kahawia iliyofifia ya kadi za watalii.

Baada ya uhuru, picha za wasanii wa Kenya zilipata soko katika nyumba ya sanaa ya Gallery Watatu, Standard Street, Nairobi. Kati ya wasanii waliohusishwa na nyumba hiyo ni Kivuthi Mbuno, aliyezaliwa mwaka 1947 na kuwahi kuwa mpishi wa misafara ya safari za porini. Yeye huchora nyika na wanyama kwa wino, penseli za rangi na krayoni juu ya karatasi, yaani kwa vifaa vilevile vya mpenzi wa vitabu hivi. Anayetaka kujua penseli ya rangi inaweza kufika wapi hana haja ya kutafuta mwalimu ng'ambo.

Mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, hugeuka mistari kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kila umbo lina ukingo wake wazi. Picha za kina Gallen-Kallela hutaka ukurasa wa kijivu, wenye vivuli vilivyokwisha chapwa, maana mistari mitupu huua hewa yake.

Kuchagua

Jambo la kwanza ni karatasi. Ya fotokopi, yenye gramu 80 kwa mita ya mraba, hufaa penseli peke yake. Wino hupenya na maji huikunja. Kwa rangi ya maji hutakiwa gramu 200 au zaidi, na karatasi ya kawaida ya wachoraji wa rangi hiyo ni ya gramu 300. Kurasa zilizochapwa upande mmoja ni bora. Jalada lisilofunguka likalala sawa humnyima mpakaji sehemu ya katikati ya picha, ambako ziwa au barabara hupita.

Mistari mizito inayozunguka mawingu na milima ya mbali ni dalili ya mchoro duni, kwa sababu kitu cha mbali hakina ukingo mkali.

Kutumia

Kwa kawaida huanzwa na anga, kisha milima ya mbali, na mwisho vitu vya karibu. Vya mbali hupewa rangi nyepesi inayoelekea samawati, kama Milima ya Ngong inavyoonekana kutoka Karen. Vya karibu hupewa rangi nzito. Penseli hupakwa kwa tabaka nyepesi nyingi, kwani mkandamizo wa mapema huijaza karatasi nta ikakataa rangi ya pili. Nyeupe ya mawingu ni karatasi iliyoachwa wazi.

Mifano ya rangi iliyomo katika vitabu vya Ulaya haiifai Nairobi. Udongo wa Westlands, Lavington na Kangemi ni mwekundu, ilhali wa Embakasi na tambarare za Athi ni mweusi. Mijakaranda hufunika barabara kwa zambarau Oktoba na Novemba. Anga la Julai ni la kijivu na baridi. Kivuli cha adhuhuri ni kifupi mwaka mzima, kwa kuwa jiji liko karibu na ikweta. Saa moja Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 kando ya State House Road, hufundisha aina nyingi zaidi za kijani kuliko kisanduku chochote cha penseli.

Hakimiliki

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, picha iliyochorwa hulindwa Kenya hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa mchoraji. Gallen-Kallela alikufa mwaka 1931, hivyo kazi zake ni huru. Picha za walio hai, hata zile za barazani kwenye Soko la Maasai, hazigeuzwi kitabu cha kuuzwa bila idhini ya aliyezichora.