Mbiu na Lindo: Ulinzi wa Vyuo Vikuu vya Kenya na Mwaka wa 2015

Maneno ya ulinzi katika Kiswahili ni mengi, na kila moja lina historia yake. Mlinzi ni jina litokanalo na kitenzi linda, ambacho kwa mkulima wa pwani maana yake ya kila siku ilikuwa kuwafukuza ndege, nyani na nguruwe wasile mazao. Mlinzi huyo alikaa juu ya dungu katikati ya shamba, na mahali pake pa kazi pakaitwa lindo. Bawabu ni mtu wa mlangoni, nalo ni neno la Kiarabu lenye asili yake katika bab, yaani mlango. Askari nalo limetoka katika Kiarabu, lakini lilipoingia lilikuwa na harufu ya jeshi, na wakoloni wa Kijerumani na wa Kiingereza wakaizidisha harufu hiyo. Kwa hiyo wa kwanza kazi yake ni kutazama mbali, wa pili ni kuwajua waingiao na watokao, na wa tatu ni kupigana. Katika vyuo vikuu vya Kenya mtu wa langoni huitwa askari. Kwa hakika yeye ni bawabu: ana rungu, ana tochi, ana daftari la kuandikia majina ya wageni, na bunduki hana.

Pamoja na watu hao liko jambo jingine ambalo wanafunzi wa lugha hawalitilii maanani ipasavyo, nalo ni mwito. Methali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo hufundishwa shuleni kama pambo la insha, hali ndani yake mna maelezo ya utaratibu mzima wa usalama wa mji. Mbiu ilikuwa pembe, aghalabu ya nyati, na mgambo ulikuwa mwito wa kuwakutanisha watu wapate habari. (Isichanganywe na siwa za Pate na Lamu, ambazo zilikuwa vyombo vya enzi na sherehe.) Mpiga mbiu alijulikana, na waliosikia walijua pa kukutania. Zaidi ya hayo, wenye uwezo wa kutenda walikuwa miongoni mwa waliosikia, kwa hiyo hapakuwa na umbali kati ya habari na msaada. Yowe la usiku lilifuata mwenendo huo huo: asiyetoka nyumbani kwake aliposikia yowe la jirani alikuwa na maswali ya kujibu asubuhi. Nchini Tanzania, tangu siasa ya ulinzi wa umma ya miaka ya 1970, mgambo ni jina la askari wa akiba wenyewe. Neno lilihama kutoka kwenye mwito hadi kwa mtu. Kenya haikupata uhamisho huo, na huko mgambo umebaki kuishi ndani ya methali tu.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka 1970, hatari iliyofikiriwa na wasimamizi wake ilikuwa wizi mdogo mdogo: nguo kambani, vitabu maktabani, baiskeli. Bawabu alitosha. Baadaye idadi ya wanafunzi ilipozidi vitanda, na hasa baada ya mpango wa wanafunzi wa kujilipia kuanza mwaka 1998, maelfu yao walilazimika kupanga vyumba nje ya chuo, na lindo la langoni likawa halina maana kwa mtu anayeporwa njiani usiku akitoka maktabani. Hilo ni tatizo kubwa lenye kustahili makala yake lenyewe.

Lililoathiri zaidi historia ya ulinzi wa vyuo ni ule uhusiano wa wanafunzi na askari wa serikali. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tarehe 10 Februari 1985, polisi wa kutuliza ghasia waliwavamia wanafunzi waliokuwa wamekusanyika kwa maombi katika uwanja wa michezo, na pakatokea kifo na majeruhi wengi. Katika miaka hiyo istilahi ya askari kanzu, yaani mpelelezi avaaye nguo za kiraia, ilisikika sana katika mabweni na hata katika kumbi za mihadhara, ambamo mhadhiri hakuwa na hakika ni nani anayeandika maelezo kwa ajili ya mtihani na ni nani anayeyaandika kwa ajili ya mkubwa wake. Si ajabu basi kwamba kizazi kizima cha wasomi kiliuona usalama wa chuo kuwa ni kule kutokuwapo kwa askari ndani yake. Msimamo huo ulikuwa na sababu za haki. Lakini uliacha pengo: hapakuwahi kuwa na mazungumzo ya dhati baina ya vyuo na dola kuhusu nani atakayeitika siku yowe litakapopigwa.

Siku hiyo ilifika Garissa. Chuo kilichokuwa pale kilikuwa awali chuo cha ualimu, na kuanzia mwaka 2011 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mji huo uko zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi, kwenye njia ya kwenda mpaka wa Somalia, na mwaka 2015 kundi la Al-Shabaab lilikuwa limekwisha kushambulia Westgate jijini Nairobi (Septemba 2013) na kuwaua wasafiri na wachimba mawe karibu na Mandera (Novemba na Desemba 2014). Tarehe 25 Machi 2015 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatolea wanafunzi wake ilani kwamba pana habari za kijasusi za kupangwa shambulio dhidi ya chuo kikuu kimojawapo. Garissa nako, kwa mujibu wa ushuhuda wa wanafunzi ulioripotiwa baadaye, palikuwa na matangazo ya kuwatahadharisha, na chuo cha ualimu kilicho jirani kiliwaruhusu wanafunzi wake kwenda makwao baada ya wageni wasiojulikana kuonekana. Baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu waliondoka. Wengine walidhani ni mzaha wa sikukuu ya wajinga, kwa kuwa tarehe ilikuwa mosi Aprili. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta alikuwa akiyapinga hadharani maonyo ya safari yaliyotolewa na mataifa ya kigeni.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili, watu wanne wenye bunduki waliingia kwa kuwapiga risasi walinzi wa langoni. Waliwashambulia wanafunzi waliokuwa katika ibada ya asubuhi, kisha wakaenda mabwenini, wakawatenga Waislamu na wasio Waislamu. Waliokufa walikuwa 148, na kati yao 142 walikuwa wanafunzi. Askari wa jeshi na polisi waliokuwa mjini walifika mapema na kukizunguka chuo, lakini kikosi maalumu cha Recce, chenye ujuzi wa mapambano ya aina ile, kilitakiwa kutoka upande wa Nairobi, na kilifika alasiri. Kilipoanza kazi, mapambano hayakuchukua muda mrefu. Msichana mmoja alitolewa katika kabati siku mbili baadaye. Hakuwa ameamini kwamba waliomwita atoke ni askari wa kweli.

Ni desturi kusema kwamba Garissa hapakuwa na onyo. Ushahidi wakanusha. Onyo lilikuwapo, ambacho hakikuwapo ni mbiu. Ilani ya kiutawala, iandikwayo kwa Kiingereza na kubandikwa ukutani, humweleza msomaji kwamba hatari iko, kisha humwachia mwenyewe kuamua la kufanya. Haimwambii akutane na nani wala wapi. Aliyeibandika huwa ametimiza wajibu wake kwa kuibandika. Mtu aweza kujibu kwamba hata mbiu bora isingewazuia watu wanne wenye bunduki za kivita, na jibu hilo ni sahihi kwa dakika zile za kwanza. Si sahihi kwa saa zilizofuata, wala kwa juma zima lililotangulia, ambamo chuo kimoja kilifungwa na cha jirani kikabaki wazi, hali habari zilizowafikia ni zile zile.

Mambo mawili yaliyotukia baadaye mwaka ule ule yanaonyesha jinsi mwito ulivyokuwa umeharibika. Tarehe 12 Aprili, siku kumi tu baada ya Garissa, mtambo wa umeme ulilipuka kabla ya mapambazuko katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapakuwa na adui. Wanafunzi walisikia mshindo, wakaamini kwamba zamu yao imefika, wakaruka madirishani. Mmoja akafa na zaidi ya 100 wakaumia. Kisha tarehe 30 Novemba, katika Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi, lilifanyika zoezi la kupima utayari wa chuo endapo kitashambuliwa. Milio ya risasi ilisikika, na wengi wa waliokuwa ndani hawakujua kwamba ni zoezi. Mfanyakazi mmoja alikufa baada ya kuanguka kutoka juu, wengine wengi wakajeruhiwa, na uongozi wa chuo ukaomba radhi.

Hapa methali yageuka kuwa kipimo. Kikuyu palilia kitu kisichokuwa mbiu, na watu wakaitika. Strathmore mbiu ilipigwa kwa ajili ya jambo lisilokuwapo, na waliostahili kujua hawakuambiwa. Wapo wanaoyalaumu matukio haya kwa woga wa wanafunzi, lakini lawama hiyo haina msingi. Mwanafunzi aliyeruka dirishani Kikuyu alikuwa ametumia juma zima akisoma habari za wenzake waliokaa vyumbani wakingoja kuelezwa la kufanya. Alijifunza somo alilofundishwa. Kasoro ilikuwa kwa wale ambao, kati ya tarehe 2 na tarehe 12, hawakuona haja ya kwenda bweni hadi bweni na kukubaliana na wakazi wake ni sauti gani itakuwa ya hatari, nani ataipiga, na watu watoke kwa mlango upi.

Mwaka uliofuata Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kusimamia kampuni za ulinzi wa kibinafsi, ambayo iliwahusu mabawabu wa vyuo sawa na wa benki na maduka. Mitambo ya kukagulia chuma iliwekwa malangoni, na ukaguzi wa mifuko ukawa jambo la kila asubuhi.

Wanafunzi wa Garissa walionusurika walihamishiwa bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Chuo chao kilifunguliwa tena Januari 2016, kikiwa na wanafunzi wachache, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Julai 2019 mahakama jijini Nairobi iliwahukumu watu watatu waliopatikana na hatia ya kusaidia shambulio, mmoja kifungo cha maisha na wawili miaka 41 kila mmoja. Kilipofunguliwa, chuo kilikuwa na kituo cha polisi ndani ya eneo lake. Mwaka 1985 jambo hilo lingewatoa wanafunzi barabarani kwa maandamano. Januari 2016 kituo hicho kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoonyeshwa wazazi kabla ya kukubali kuwarudisha watoto wao.