Waliolipwa na Waliotozwa: Amri ya Zanzibar ya 1897 katika Mjadala wa Fidia ya Utumwa

Miongoni mwa hoja zinazopinga madai ya fidia ya utumwa, iliyozoeleka zaidi ni ile inayoshikilia kwamba dhuluma ya namna hiyo haiwezi kutiwa thamani ya fedha, na kwamba hakuna serikali inayoweza kutarajiwa kuifanyia hesabu. Hoja hii haisimami mbele ya nyaraka. Bunge la Uingereza, katika sheria ya 1833, lilitenga pauni milioni 20, na deni lililotokana na malipo hayo halikumalizika hadi 2015. Ufaransa iliidai Haiti faranga milioni 150 mwaka 1825, kisha ikazipunguza kuwa milioni 90. Na katika mji wa Washington, sheria ya Aprili 1862 iliruhusu malipo ya hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeachwa huru. Hesabu zilifanywa, tena kwa makini, ila fedha zote hizo zilikwenda kwa mabwana au kwa warithi wao.

Mifano hiyo ya ng'ambo hutajwa sana, ilhali amri aliyoitoa Sultan Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar tarehe 6 Aprili 1897 husomwa kwa nadra, na inaposomwa huchukuliwa kuwa tendo la huruma. Hamoud alikuwa ametawazwa na Waingereza Agosti 1896, mara tu baada ya mizinga yao kuliangusha kasri la Zanzibar, na amri yake ilibeba hofu za balozi wao Arthur Hardinge, aliyeamini kwamba kuwaachia watumwa kwa ghafla kungeangamiza zao la karafuu pamoja na mapato ya serikali yaliyolitegemea. Kwa hiyo amri haikutamka kwamba watumwa wote wako huru kuanzia siku ile. Ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa, maana yake ni kwamba mahakama hazingetambua tena dai la bwana juu ya mtu wake, lakini mtu huyo alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru.

Kilichofuata ombi hilo ndicho kiini cha suala. Bwana aliyethibitisha kuwa alimmiliki mwombaji kwa mujibu wa sheria iliyokuwapo alistahili fidia ya fedha. Aliyeachwa huru hakupewa ardhi wala fedha yoyote. Badala yake alibebeshwa wajibu wa kodi na kazi ya lazima kama raia wengine, na akatakiwa kuonyesha kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Kwa kuwa makazi yalikuwa katika mashamba ya mabwana, wengi walifunga mikataba ya kuwafanyia kazi siku kadhaa za juma ili waruhusiwe kubaki na kulima. Masuria, yaani wanawake watumwa waliowekwa nyumbani kama wenza wa mabwana, waliachwa nje ya amri, isipokuwa pale ukatili ulipothibitishwa, hadi amri nyingine ya 1909. Wapo wanaosema kuwa utumwa wa pwani ulikuwa wa upole. Maelezo hayo, yaliyowafaa sana maofisa wa wakati ule, hayaelezi kwa nini uhuru wa mtu uliandamana na malipo kwa aliyemmiliki. Katika pwani ya Kenya sheria ya 1907 ilifuata mkondo huohuo, na Tanganyika ilingoja hadi 1922.

Tafsiri moja inastahili kusikilizwa kwa subira zaidi, nayo ni ile inayoona ugawaji wa eka tatu tatu za ardhi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 kuwa fidia iliyochelewa. Kisheria haikuwa hivyo: ardhi ilitaifishwa, waliogawiwa walipata haki ya kuitumia bila kuimiliki, na sifa ya kugawiwa haikuwa kuthibitisha kwamba babu alikuwa mtumwa. Hata hivyo, mikarafuu iliyopandwa kwa nguvu za watumwa iliwafikia baadhi ya wajukuu zao, jambo ambalo halikutokea Marekani, ambako agizo la Jenerali Sherman la Januari 1865, lililotenga viwanja vya hadi ekari 40, lilibatilishwa na Rais Andrew Johnson kabla ya mwaka kwisha.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda kundi la watu mashuhuri la kushughulikia fidia mwaka 1992, Profesa Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa mmoja wao, naye alitoka katika ukoo ambao zamani ulimiliki mashamba yaliyolimwa na watumwa. Wapinzani wanaweza kuuona uhusiano huo kuwa kasoro, ingawa ni vigumu kuonyesha kwa nini nasaba ya mdai ibatilishe dai. Azimio la Abuja la 1993 kuhusu fidia lilielekeza macho zaidi kwa mataifa ya Magharibi. Kwa Zanzibar swali lina pande nyingi zaidi, kwa sababu amri ilitiwa muhuri na Sultani, ikasimamiwa na dola iliyokuwa mlinzi wake tangu 1890, na faida ya karafuu ikagawanywa kati ya wenye mashamba, wafanyabiashara waliowakopesha na hazina iliyotoza ushuru wa zao hilo.