Ngitili: Maarifa ya jadi yaliyofufua misitu ya Shinyanga

NGITILI ni eneo la malisho ambalo Wasukuma wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania hulifunga mvua zinapoanza, ili nyasi na vichipukizi vya miti vikue bila kukanyagwa. Hufunguliwa kiangazi kinapokolea, mifugo ikiwa imekosa lishe kwingineko. Hata hivyo, halifunguliwi lote kwa mkupuo. Sehemu moja huliwa ikaisha ndipo nyingine ifuate.

Utaratibu huu ulikaribia kutoweka. Tangu enzi ya ukoloni vichaka vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, huku mashamba ya pamba yakizidi kupanuliwa. Pigo jingine lilikuja miaka ya 1970, familia zilipohamishiwa vijiji vya ujamaa na kuziacha ngitili zao bila mwenyewe. Kufikia 1986 zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 pekee, na Shinyanga ikabandikwa jina la jangwa la Tanzania.

Mwaka huo serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ambao baadaye ulisaidiwa na Norway pamoja na ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu chenye makao yake jijini Nairobi. Busara ya mradi huo, ambayo ni nadra kwa miradi ya serikali, ilikuwa kutotegemea upandaji wa miche pekee. Visiki na mizizi ya miti ya asili bado ilikuwa hai ardhini. Ilichohitaji ni kupumzishwa, na wenyeji walijua namna ya kuipumzisha.

Kanuni hupitishwa na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, nao sungusungu hushika doria. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hutozwa faini.

Mnamo 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mradi ulipokamilika 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa katika vijiji zaidi ya 800, baadhi vikiwa sasa katika Mkoa wa Simiyu uliobuniwa 2012. Kuni, asali, dawa na nyasi za kuezekea zikapatikana karibu na nyumbani. Fisi nao wakarudi, jambo ambalo wafugaji hawakulishangilia.

Mgogoro uliobaki ni wa ardhi. Ngitili nyingi ni za familia, hivyo mwenye eneo kubwa hufaidika zaidi na hata huwakodishia wengine malisho, ilhali maskini hana cha kufunga. Aidha, kila kizazi kinaporithi, eneo hugawanywa vipande visivyotosha kulisha kundi hadi mvua irejee.