Kuzinduka katika mateso (Mara)

Kuzinduka katika mateso ni hali ya mtu aliyeelemewa na dhiki kuona ghafla jambo ambalo mpaka hapo hakuwa amelitambua, na kuanzia siku hiyo akaishi kwa kulifuata. Katika mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania, hali hii inahitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa kuwa jamii za huko zimerithi imani iliyo jirani nayo: kwamba maumivu yenyewe ndiyo yanayomkuza mtu. Imani hizo mbili zinafanana kwa mbali. Ukizisogelea, moja humtaka mtu avumilie bila kuuliza, na nyingine huanza pale anapouliza.

Mfano unaotumika hapa ni wa eneo la Kenyamonta na vijiji vinavyolizunguka. Kata ya Kenyamonta iko wilayani Serengeti, katika nchi ya Wangoreme, jamii ya wakulima na wafugaji ambao lugha na mila zao zinakaribiana sana na za Wakurya wa Tarime, ng'ambo ya mto Mara. Kutoka huko mpaka Mugumu, makao makuu ya wilaya, watu husafiri kwa bodaboda, kwa basi dogo au kwa miguu. Safari hiyo itatajwa tena.

Esaro

Kwa Kikurya tohara huitwa esaro. Mvulana ambaye hajapitia esaro ni omorisia, jina ambalo halimpi mtu nafasi yoyote kwenye kikao cha wanaume. Akishakatwa, huwa omosamba kwa muda wa kupona, kisha omomura, kijana mwenye sauti na wajibu wa kulinda ng'ombe na ukoo. Msimu hupangwa na inchama, baraza la wazee wa mila, na kila ukoo una wazee wake.

Kinachopimwa siku hiyo ni uso. Ni alfajiri, umande bado uko kwenye nyasi, na mvulana amesimama. Hakalishwi, wala hakuna anayemshika mikono. Hutazama mbele huku baba zake wadogo na wajomba wakimkodolea macho karibu kabisa, wakingoja kuona kama kope itacheza au mdomo utatetemeka. Asipotikisika, kelele hupasuka, vigelegele vya wanawake vikichanganyika na wanaume wanaoruka na fimbo juu, naye husindikizwa kwa nyimbo njia nzima hadi nyumbani, taratibu, miguu ikiwa imetanuliwa. Akilia, aibu hiyo humfuata hadi uzeeni. Watu wenye mvi hukumbushana nani alipiga kelele mwaka gani.

Si haki kuyaona haya kama ukatili mtupu. Jando lilimpa kijana jaribu lenye mwanzo na mwisho, lenye mashahidi, na lenye jina jipya upande wa pili. Vijana wengi wa mijini leo wanapita katika magumu yasiyo na hata moja kati ya hayo matatu. Tatizo liko kwenye hesabu inayofuata: ikiwa maumivu ndiyo yanayomfanya mtu kuwa mtu, basi maumivu yoyote yanaweza kuhalalishwa. Neno esaro lilitumika pia kwa wasichana. Msichana ambaye hajakeketwa aliitwa omosagane, na kama mvulana mwenzake alitakiwa anyamaze akikatwa. Lakini ukeketaji humwondolea msichana sehemu ya mwili wake pasipo faida yoyote ya kiafya, humwachia hatari ya kuvuja damu, maambukizi na matatizo wakati wa kujifungua, na mara nyingi ulimfungulia mlango wa kuozwa kwa ng'ombe kabla hajamaliza shule.

Mizinduko ya zamani

Mara imewahi kujengwa upya baada ya dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe karibu kote Afrika ya Mashariki, na magharibi ya Serengeti ndui, njaa na uvamizi vikafuatia. Watu walihama, wengine wakaenda Usukuma kutafuta chakula. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa eneo hili, ameonyesha kwamba ni katika miaka hiyo ya kutawanyika watu walipojipanga upya kwa kutegemea rika, na makabila tunayoyataja leo, Wangoreme wakiwemo, yakapata sura yake ya sasa. Kwa hiyo kinachoitwa mila tangu enzi na enzi, kwa sehemu kubwa, ni majibu ya watu waliokuwa na njaa. Waliweza kubuni walipolazimika, jambo linalostahili kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba mila haibadiliki.

Mzinduko mwingine ulitokea Shirati, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, mwaka 1942. Wamisionari Wamennonite kutoka Marekani walikuwa wamefungua kituo hapo mwaka 1934. Uamsho uliokuwa umeanza Rwanda na Uganda ulipofika, watu walisimama kanisani mmoja baada ya mwingine wakiungama wizi, chuki na dharau, na wamisionari nao wakaungama majivuno yao mbele ya Waafrika waliokuja kuwafundisha. Zedekia Kisare, Mjaluo aliyekuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka 1967, alikuwa miongoni mwa waliozinduka, na alisimulia miaka hiyo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1984. Ukiweka Shirati kando ya uwanja wa esaro, ufanano unashangaza: mtu amesimama, watu wamemzunguka, wanamtazama usoni. Lakini uwanjani anayetetemeka hupoteza heshima, na Shirati aliyetetemeka na kulia ndiye aliyekumbatiwa.

Msichana wa miaka 13

Mzinduko unaojulikana zaidi katika Mara ya sasa ni wa Rhobi Samwelly. Mara nyingi amesimulia hadharani kwamba alikeketwa kwa nguvu akiwa na umri wa miaka 13, ingawa alikuwa ameshaona rafiki yake akifa kwa kukeketwa na akawaomba wazazi wake wasimpeleke. Alivuja damu mpaka akapoteza fahamu, nusura afe. Kwa maelezo yake, nia ya kuwatetea wasichana wengine ilizaliwa hapo.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Kisu hakikumfundisha Rhobi kitu. Kisu hichohicho kilipita kwa maelfu ya wasichana wa Tarime na Serengeti, na wengi walirudi nyumbani wakaambiwa wamekuwa wanawake, wakaamini, na miaka ilipopita wakawapeleka binti zao. Tofauti ilikuwa kwamba yeye alikataa maelezo aliyopewa kuhusu maumivu yake. Aliona kwamba rafiki yake hakufa kwa udhaifu, wala kwa laana, wala kwa kosa la mtu wa ukoo. Alikufa kwa kukatwa. Ukishaiona sentensi fupi kama hiyo, huwezi tena kurudi ulikotoka.

Miaka mingi ilipita kati ya kuona na kutenda. Mwaka 2014 nyumba salama ilifunguliwa Mugumu, chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, Rhobi akiwa msimamizi wake, na mwaka 2017 alianzisha shirika lake mwenyewe, Hope for Girls and Women, lenye nyumba pia Butiama. Filamu ya Giselle Portenier, In the Name of Your Daughter, ya mwaka 2018, iliionyesha dunia wasichana wanaokimbilia Mugumu. Wengi hutoroka usiku, peke yao au wawili wawili, wakiwa na nguo walizovaa. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12 uamuzi huo ni mzinduko kamili: anaacha mama, jina zuri, na ng'ombe waliokwisha kuahidiwa, kwa sababu ameona kitu ambacho watu wazima waliomzunguka hawakioni. Tunapowasifu wasichana hawa tusisahau kwamba hakuna mtoto anayepaswa kukua kwa njia hiyo.

Wataalamu wanasema nini

Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa Marekani ndio walioipa hali ya kukua baada ya maafa jina la kitaalamu katika miaka ya 1990. Mwaka 1996 walitoa kipimo chenye maswali 21. Msisitizo wao unalingana na tunachokiona Mugumu: anayekua hakuzwi na tukio lenyewe, ila na kazi ngumu ya kujenga upya fikra baada ya tukio kuzibomoa, kama mji unavyojengwa upya baada ya tetemeko. Wengine wamewapinga. Utafiti wa Patricia Frazier na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapima wanafunzi kabla na baada ya misukosuko, ukakuta kwamba kukua ambako watu wanadai kwa mdomo hakulingani vizuri na mabadiliko yanayopimika. Onyo hilo ni la maana, hasa Mara, ambako mtu amefundishwa tangu utotoni kusema kwamba maumivu yamemfaa.

Msimu

Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, adhabu yake ikiwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, dhidi ya asilimia 10 kwa taifa zima. Koo nyingi hukeketa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, Novemba na Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Katika miezi hiyo nyumba za Mugumu, Butiama na kituo cha Masanga upande wa Tarime hujaa. Masanga huendesha kambi ambazo wasichana hufundishwa mambo ya utu uzima, kisha huhitimu mbele ya wazazi waliokubali kuja. Jaribu limebaki, mashahidi wapo, jina jipya lipo. Kisu tu ndicho kilichoondolewa.

Kwa miaka mingi kikwazo kimoja cha uokoaji kilikuwa cha kawaida mno: ramani. Simu inaweza kupigwa saa nane za usiku kutoka kijiji ambacho hakikuchorwa popote, na gari la dawati la jinsia la polisi likakosa pa kugeukia. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakichora nyumba na njia za vijijini kwa kufuata picha za satelaiti, na wakazi wenyewe, wakiwa na simu mkononi, huingiza majina: shule ile, zahanati ile, kivuko kile. Njia ya kutoka vijijini mpaka Mugumu, ambayo msichana aliitembea gizani kwa kukisia, sasa inaweza kufuatwa na dereva anayekwenda kumchukua mwingine.