Machozi ya Wajibu

Mtu aliyelelewa pwani hahitaji kufundishwa namna ya kuingia katika nyumba yenye msiba. Majamvi yakisha kutandikwa barazani, na sauti za wanawake zikisikika kutoka ndani, miguu yake yenyewe humpeleka mahali pake: akiwa mwanamume, nje pamoja na wanaume wenziwe, atoe mkono wa tanzia na kutia ubani wake kimya kimya, akiwa mwanamke, ndani, ambako kilio hupanda kila aingiapo mgeni mpya na kushuka akishapata pa kukaa, kama maji ya bamvua yajuayo saa zake. Mjane naye, hata kabla hajaambiwa, anajua kwamba eda yake ni miezi 4 na siku 10. Kwetu Mrima, kisha huja mtani, akaiga mwendo wa marehemu na kikohozi chake, akadai alipwe ndipo aondoke njiani, na wale waliokuwa wakilia wakacheka, wala hapana aonaye amevunjiwa heshima, kwa kuwa kicheko kile ni haki ambayo mtani ameirithi kwa wazee wake. Nimeketi katika majamvi hayo mara nyingi, na kila mara nimejiuliza: machozi haya ni ya nani? Ni ya huyu aliaye, ama ni ya wale waliotangulia, ambao walikwisha kupanga saa ya kulia na saa ya kunyamaza?

Swali hilo si geni duniani. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 katika ukoo uliojinasibu na Hadhramaut, kama zijinasibuvyo nyumba nyingi za pwani yetu, alifiwa na wazazi wake wote wawili kwa tauni alipokuwa kijana. Na mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome ya Ibn Salama, aliandika Mukadima yake, akaeleza kwamba mazoea humtengeneza mtu kuliko maumbile, na kwamba nguvu ya kabila imo katika asabiya, yaani kule kushikamana kunakomfanya mtu aone jeraha la jamaa yake kuwa jeraha lake. Walakini aliyelichukua swali hili akalifanya kuwa elimu yenye kiti chake katika vyuo ni Mfaransa, Émile Durkheim, na katika maisha yake yeye nimeona jambo ambalo vitabu vyake havikulitosheleza.

Alizaliwa Épinal, mashariki ya Ufaransa, mwaka 1858. Baba yake alikuwa rabi wa Mayahudi, na babu yake alikuwa rabi, na baba wa babu yake vile vile, naye alitarajiwa kushika njia hiyo hiyo. Akaiacha, lakini hakuacha kustaajabia jinsi jamaa wachache walioshikana wanavyoweza kumlea mtu mpaka sheria yao ikawa sauti ya moyo wake. Mwaka 1887 alipata kazi ya kufundisha Bordeaux, na mwaka 1895 akatoa kitabu chake cha kanuni za elimu hii ya jamii, akahoji kwamba yako mambo ambayo si ya mtu mmoja mmoja, bali humjia kutoka nje naye hana budi kuyafuata: lugha aisemayo, fedha atumiayo, wajibu wake kwa mke na kwa ndugu. Aliyakuta yapo alipozaliwa, na atayaacha yapo.

Wengi hawakumsadiki, na kwa hiyo akachagua ushahidi mgumu kuliko wote. Ni tendo gani lililo la siri na la upweke kuliko mtu kujiua? Mpwa wake, Marcel Mauss, alikaa akayapanga majalada ya watu 26,000 hivi waliokufa kwa namna hiyo Ufaransa, akiwagawa kwa umri, kwa ndoa na kwa watoto. Na aliyewafungulia majalada hayo alikuwa Gabriel Tarde, mkuu wa takwimu za mahakama katika Wizara ya Sheria, ambaye alikuwa hasimu mkubwa wa Durkheim katika elimu, akishikilia kwamba jamii si kitu ila watu kuigana. Nauona huo kuwa muruwa mkubwa wa mtu wa elimu. Kitabu cha Durkheim juu ya kujiua kilipotoka mwaka 1897 kilionyesha kwamba kila taifa lina kiasi chake, nacho hakibadiliki sana mwaka hata mwaka. Kwamba Waprotestanti hupotea kwa njia hiyo kuliko Wakatoliki, na wasiooa kuliko wenye watoto. Kwamba vifo hivyo hupungua wakati wa vita na huongezeka uchumi unapoanguka, na vile vile, ajabu, utajiri unapofumka ghafula. Watu walisema ni joto la kiangazi linalowachafua akili. Durkheim akahesabu miezi, akaona kilele hakimo katika siku za joto kali bali huja kabla yake, siku zinapokuwa ndefu, wakati shughuli za watu zinapopamba moto.

Miaka 15 baadaye, katika kitabu chake juu ya asili ya dini, aliyafikia matanga. Mfano wake aliuchukua kwa wenyeji wa Australia, ingawa hakupata kukanyaga huko. Alitegemea habari za wachunguzi Spencer na Gillen, walioeleza kwamba kwa Waarunta wa huko mwanamume aliyefiwa na mkwewe hana budi kujichanja bega, na asipojichanja ipasavyo, mke wake aweza kuchukuliwa akapewa mtu mwingine. Akahukumu kwamba kilio cha msiba si hisia za faragha zilizofurika, bali ni wajibu uliowekwa na kundi, ambalo limepungukiwa na mmoja wake nalo hukusanyika ili lijihisi bado li hai.

Nilipoisoma hukumu hiyo nilimkumbuka bibi mmoja wa mtaani kwetu, aliyekwenda matangani kwa ada tu, kwani marehemu hakumjua ila kwa salamu. Aliingia, akaanza kulia kama iwapasavyo waingiao, na mara sauti yake ikageuka, akawa anamwita mwanawe aliyezama baharini miaka mingi nyuma. Wenziwe hawakumnyamazisha, walimsogelea tu, mmoja akamshika mgongo. Ada ndiyo iliyomfungulia mlango wa huzuni aliyokuwa ameifunga, na Durkheim, aliyeiona amri kwa uwazi mkubwa hivyo, aliandika machache mno juu ya fadhila hii.

Vita vilipozuka mwaka 1914, wanafunzi wake wengi walikwenda, wakafa. Mwanawe wa kiume wa pekee, André, kijana aliyekuwa akisomea elimu ya lugha, alijeruhiwa katika medani ya Balkani akafariki mwishoni mwa 1915, na miezi kadhaa ilipita kabla baba yake hajapata habari ya yakini. Mtu huyu, aliyefundisha kwamba msiba ni wa kundi zima, aliwakataza rafiki zake wasilitaje jina la mwanawe mbele yake, akainamia karatasi zake, akianza kitabu juu ya maadili ambacho hakikufika mbali. Alifariki tarehe 15 Novemba 1917, akiwa na umri wa miaka 59, na katika muda wote tangu kufiwa na mwanawe waliomzuru walizungumza naye habari za kazi na za vita, kwa maana ndivyo alivyowaomba.